Sipimi Maji

Jumatano, 6 Machi

Jana, Jumanne, kabla ya saa mbili asubuhi, nilipoteza samaki wazazi wangu wote: majike mia na arobaini, madume arobaini na sita. Hakubaki hata mmoja wa kunifariji.

Si samaki wa kitoweo. Wa kitoweo ningelia siku mbili nikanyamaza. Hawa ni mbegu: perege niliowachagua kwa miaka kumi na mmoja, kizazi juu ya kizazi, huyu nimbakize kwa sababu anakua upesi, yule nimtoe kwa sababu anameza mayai yake. Wafugaji wa pande zote hizi wananunua vifaranga vyao kwangu. Nilianza na beseni moja la plastiki uani kwa mama mkwe, mkopo sikupewa, mchango sikuuona. Jana nimeishia na shimo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu usiku. Jumapili jioni mume wangu alikuwa amekaa kizingitini anavua buti za kazi, akaniambia bila kuinua macho, "Mvua ya kwanza usiifungulie. Acha hiyo ipite, utakinga ya pili." Mabwawa yangu hupata maji kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba. Pana lango dogo la ubao: ukiliinua maji yanaingia, ukilishusha yanapita zake. Kiangazi kilikuwa kimelinyonya bwawa la wazazi mpaka likanifika magotini, nami nikadhani mwenzangu anaogopa tope. Tope nimelizoea. Kulipopambazuka Jumanne nikainua ubao.

Walianza kufa walio karibu na lango. Nilidhani wanacheza, maana samaki hufurahia maji mapya. Kisha nikaona jike mmoja mkubwa, yule mwenye kovu mgongoni, anayatema mayai yake yote aliyokuwa akiyatunza mdomoni, maji yakiwa yanamzunguka, mayai ya manjano kama punje za mtama. Jike hatemi mayai bure. Nikashusha ubao mbio, lakini nilikuwa nafungia mlango wezi walio ndani.

Mume wangu aliomba ruhusa kazini akarudi. Alichimba shimo peke yake, tangu saa nne hadi saa nane, hakutaka nimsaidie. Hakusema "nilikuambia". Mama yake ndiye aliyesema, akiwa kwenye kiti chake barazani: "Mume wako alikuonya, mwanangu. Wewe ukiambiwa funga, mkono unakuwasha kufungua."

Kweli alinionya. Sikusikia.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kutwa. Kila jioni nilikuwa naandika humu habari za bwawa. Leo hakuna bwawa la kuandika, ila mkono umezoea.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Samaki amekuja, yule afisa wa uvuvi ambaye hufika na pikipiki yake na kofia isiyomtosha. Nilikuwa nimemwekea watatu kwenye barafu. Akawafunua matamvua mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hawa hawakukosa hewa. Aliyekosa hewa hufa juu, mdomo wazi. Hawa walikuwa chini?"

"Chini. Wamelala ubavu."

"Tazama huu ute. Kitu kimewaunguza matamvua."

"Kitu gani?"

"Kilichowaunguza kimeshapita. Nikipima leo nitapima mvua." Akanipa chupa mbili safi. "Mvua ikikatika siku nne tano, kijito kikishuka, unikingie hapa langoni. Juu yako huko kuna nini?"

"Gereji mbili na kiwanda cha mume wangu."

"Chake?"

"Cha wenyewe. Yeye ni msimamizi wa taka."

Akacheka kidogo, akarudisha kofia kichwani. "Basi mganga unalala naye. Muulize yeye."

Nimemuuliza wakati wa chakula. Alitafuna akamaliza, akasema, "Taka za kiwandani hazijawahi kuwa chache kama mwaka huu, mke wangu. Wewe mwenyewe unajua." Kisha akainuka akaenda kurekebisha bawaba ya mlango wa jikoni, ambayo imekuwa ikilia tangu mwaka jana.

Najua kweli. Kiwanda kinachovya vitasa na bawaba kwenye zinki ili visishike kutu. Maji machafu huingia kwenye tangi la kusafishia, zinki inatuama, linabaki tope zito la kijivu. Tope hutiwa kwenye viroba, viroba hupimwa langoni, lori linavipeleka mbali kwenye dampo la sumu. Mwaka jana wakubwa walianzisha mradi wa kupunguza taka: kila wiki kilo zinaandikwa kwenye ubao mkubwa getini kila mtu azione. Mume wangu alikabidhiwa mradi. Alianza na kilo mia tisa kwa wiki. Michoro ya kupanda na kushuka nilimchorea mimi, kwenye meza hii, kwa penseli za binti yetu, kwa sababu hesabu ni zangu na mikono ni yake. Wiki ya mwisho ya Februari zilikuwa mia nne na themanini. Mstari ulishuka vizuri mpaka nikamwonea fahari.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 17 Machi

Wateja wanapiga simu kuulizia vifaranga. Nimechoka kueleza. Sasa nasema, "Hakuna," nakata.

Leo nimeosha wavu wa kupimia nikauning'iniza kwenye msumari wake, juu ya ndoo, kama kawaida. Nikakumbuka mwaka jana mume wangu alivyosimama pale na kikombe cha chai akinitazama nikimpimia mteja vifaranga. "Mbona unauning'iniza kwanza? Si uweke tu kwenye mizani?"

"Sipimi maji," nikamwambia. "Mteja amenunua samaki. Nikiacha maji, robo ya uzito ni wizi."

Akasimama pale mpaka chai ikapoa, akitazama yale matone yanavyoanguka kwenye ndoo. Nikamtania, "Mwenzetu, umeona sinema?" Akacheka. Ana kicheko cha pumzi, hakitoi sauti.

Nimelia kwa ajili ya wavu. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mama mkwe kasema tena kwamba nilionywa. Nimemwambia, mama, nimesikia. Akasema, "Ungesikia siku ile."

Jumamosi, 23 Machi

Nimerudi sokoni nikamkuta mume wangu juu ya paa. Amenunua mabomba, amefunga gata nyumba nzima, amechimba mfereji wa bomba hadi bwawa dogo. Nguo zimemganda mwilini kwa mvua.

"Unafanya nini huko?"

"Maji ya paa ni safi. Kijito tuachane nacho. Ukipata mbegu nyingine, iweke kwenye maji ya paa tu."

"Nani kakuambia nitapata mbegu nyingine?"

"Utapata. Wewe si mtu wa kukaa."

Nilisimama chini nikimshikia ngazi. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kupewa zawadi yenye karatasi, lakini nimepewa mlango, kabati, jiko, na sasa paa linalotiririka mahali ninapotaka. Nikawaza: yupo mwanamke mwenye bahati kama mimi?

Ijumaa, 29 Machi

Bwawa dogo limejaa. Maji meupe kabisa, ya mvua, hayana hata harufu.

Jumamosi, 30 Machi

Mwalimu mstaafu amefika na ndoo mbili nyuma ya baiskeli. Ni mteja wangu wa kwanza kabisa, wa enzi za beseni. Hakubisha hodi, alipiga kengele ya baiskeli mpaka nikatoka.

"Nimekuletea wajukuu zako," akasema.

Perege arobaini, uzao wa mbegu yangu ya miaka minne iliyopita. Nimetambua migongo yao kabla hajamaliza kufunua. Nilitaka kumpa chochote, akakataa. "Mimi nilikuwa nakuwekea tu," akasema, akaanza kulalamika kuhusu mgongo wake ili nisipate nafasi ya kulia.

Wameingia maji ya paa. Mume wangu alikaa nao mpaka giza likaingia. Nilipomletea shuka alisema, "Hawa hawatakufa." Hakusema hawatakufa kwa dua, wala inshallah. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Alhamisi, 4 Aprili

Wanakula.

Jumanne, 9 Aprili

Mama wa bustani, jirani yetu wa upande wa chini ambaye humwagilia kwa maji ya kijito, amepita na fungu la mchicha. Majani yamechomeka kingoni. "Sijui ni wadudu gani hawa," anasema. "Wanakula ukingo tu, katikati wanaacha." Mama mkwe akamwambia kwamba ni wadudu wa kizazi kipya, wana adabu ya mezani. Tukacheka. Mchicha tukaupika.

Binti yetu amesema baba yake amemkataza kuosha viatu vya shule kwenye kijito. Tangu lini? Tangu mwezi wa pili, anasema.

Nimeandika hili sijui kwa nini.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika mengi leo, na sijui nianzie wapi, kwa hiyo nianzie getini.

Ilikuwa siku ya familia kiwandani. Kila mfanyakazi anakuja na watu wake, wanatembezwa, wanakula, wanapewa kofia. Wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko idara ya kufungasha; ndiye aliyetupokea, amejipaka manukato ya kutosha kijiji. "Karibuni, watu wa Bwana Kilo," akasema kwa sauti. Ndilo jina la mume wangu huko. Mpaka mlinzi anamwita hivyo. "Leo kaka yangu anavishwa taji. Wifi, ungevaa viatu virefu, picha zitapigwa."

Ubao ulikuwa getini, kama nilivyousikia tangu mwaka jana: KILO WIKI HII, 455. Mstari niliouchora mimi kwa penseli wameuchora upya kwa rangi, ukubwa wa mlango.

Meneja alizungumza. Ni mtu mpole, mwembamba, anafuta miwani kila anapokosa neno. Alisema kiwanda kimepunguza taka kwa karibu nusu, hakuna kiwanda cha kundi lao kilichofika hapo. Akamwita mume wangu. Mume wangu huyu, ambaye kwenye harusi yetu shukrani ilisomwa na mjomba wake kwa sababu yeye hakuweza, alishika kipaza sauti.

"Wazo si langu," akasema. "Ni la mke wangu, yule pale. Yeye anauza samaki. Kabla hajapima, huuning'iniza wavu maji yachuruzike. Siku moja nikamuuliza, akaniambia, sipimi maji. Nikafikiri, na sisi huku tunapima maji. Tunalipia lori libebe maji. Nikatengeneza chanja."

Watu walipiga makofi wakageuka kunitazama. Wifi akanifinya mkono. Binti yangu alikuwa anang'aa. Nami nilikuwa nang'aa, siwezi kusema uongo humu. Kwa muda ambao makofi yalidumu, nilikuwa mwanamke niliyekuwa kabla ya Machi.

Kisha tukapelekwa kuiona chanja.

Iko nyuma, ukutani, chini ya kipande cha bati. Nguzo za chuma amezichomelea mwenyewe, nazijua kazi zake, kila kiungo kimesuguliwa. Viroba vya tope vimening'inizwa kwa kulabu, safu mbili. Vinachuruzika. Tone, tone, tone, maji ya kijivu mepesi, yanaanguka kwenye sakafu yenye mteremko, yanakusanyika kwenye mtaro wa maji ya mvua, mtaro unapita chini ya ukuta.

Nilitazama chini ya chanja nikitafuta ndoo.

Wavu wangu una ndoo chini yake. Umekuwa nayo daima. Yale maji yana magamba na kinyesi, nayarudisha bwawani au nayamwaga shambani, hayaendi kwa mtu. Mume wangu aliitazama ndoo ile kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

"Maji haya yanakwenda wapi?" nikamuuliza. Watu walikuwa bado wanapiga picha.

"Nje."

"Nje wapi?"

"Ni maji tu, mke wangu."

"Yametoka kwenye tope la zinki."

"Tope limebaki kwenye kiroba. Ni maji tu." Na akainama, akaanza kukaza boliti ya nguzo ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Nje ya ukuta ule kuna kijito. Kiangazi kizima yale matone yalikauka mtaroni, tabaka juu ya tabaka, yakisubiri mvua ya kwanza iyasombe yote kwa mkupuo mmoja. Mvua ya kwanza. Usiifungulie.

Nyumbani mama mkwe aliuliza sherehe ilikuwaje. Nikasema ilikuwa nzuri. Akasema, "Mume wako ana akili. Si unaona? Hata mvua ile alikuonya."

Nilikwenda nikakaa kando ya wale arobaini.

Jumapili, 21 Aprili

Hakuna mvua. Hatujazungumza.

Jumanne, 23 Aprili

Jua. Amerekebisha mpini wa jembe, mguu wa kitanda, na redio ya mama yake.

Alhamisi, 25 Aprili

Jua la siku tano. Kijito kimeshuka. Nimekinga chupa mbili langoni, na ya tatu, niliyoichemsha mwenyewe, nimekinga pale mtaro unapotokea chini ya ukuta wa kiwanda. Mlinzi aliniona. "Shemeji, umekosa maji nyumbani?" Nikamwambia nina mgonjwa anayataka haya haya.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imerudi. Majike watatu wa Mwalimu wana mayai mdomoni. Furaha ya namna hii ni ya kumpigia mtu kelele dirishani aje aone. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Alhamisi, 9 Mei

Majibu yametoka. Bwana Samaki ameyaleta mwenyewe, hakutaka kunipa kwa simu. Zinki. Maji ya langoni yamepita mara sita kiwango cha samaki kuvumilia, na ilikuwa siku ya kawaida tu. Ya mtaroni hakunisomea, alinionyesha kwa kidole. "Fikiria mvua ya kwanza," akasema.

Nilimngoja mume wangu avue buti. Mama mkwe alikuwapo, sikumwondoa, ni nyumba yake pia.

"Majibu haya hapa," nikasema.

Akasoma. Husoma polepole, kwa midomo. Akaikunja karatasi mara nne.

"Nitaweka kitu chini," akasema. "Karai. Nitatengeneza karai la bati, urefu wa chanja."

"Karai nalijua. Karai nilikuwa nalo tangu beseni la kwanza. Nakuuliza kitu kingine. Kwa nini uliniambia nisiifungulie mvua ya kwanza?"

"Tope."

"Tope lipi? Miaka yote kumi na mmoja lilikuwapo, hukuwahi kunionya."

Akachukua buti moja, akaikung'uta mlangoni.

"Kwa nini ulimkataza mtoto kijito? Kwa nini maji ya paa? Kwa nini ulisema hawa hawatakufa?"

"Nilitaka usiumie."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua ni maji."

"Maji hayamkatazi mtoto kuosha viatu."

Aliinuka. Nilifikiri anakuja kwangu. Alifungua sanduku la vifaa, akachukua nyundo, akatoka kwenye manyunyu kwenda kupigilia ubao wa lango, lango ambalo hatulitumii tena.

Mama yake alisikiliza zile nyundo muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Tangu mdogo. Chungu kikivunjika, ukimuuliza ni nani, hakujibu. Unamkuta jioni kakaa na gundi." Akapapasa kiti kilicho karibu naye. "Njoo ukae hapa, mwanangu." Tangu Machi hakuwahi kuniambia nikae.

Ijumaa, 10 Mei

Kinachonikata si samaki, nimegundua leo nikiosha vyombo. Ni gata. Alipanda juu ya paa siku nzima kwenye mvua ili maji yale yasitufikie sisi. Chini yetu kuna mama wa bustani, ambaye hana gata, na tulimcheka kuhusu wadudu.

Nimempelekea habari mwenyewe. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Nimewalisha wajukuu?" Nikamwambia awapeleke zahanati wapimwe, nikamsindikiza. Daktari anasema hana hofu kubwa kwa mchicha wa siku hizo, lakini kijito asikiguse.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekwenda kwa Meneja. Nilivaa viatu virefu, vile alivyovitaka wifi.

Nilimwambia kwa mpangilio. Kilo zenu hazikupungua. Tope kavu ni lile lile, mia nne na kitu, tangu siku ya kwanza. Kilichopungua ni maji, na maji hamkuyapunguza, mmeyahamisha. Mnapima kiroba, hampimi taka. Wekeni karai chini ya chanja, bomba kutoka karai hadi tangi la kusafishia, maji yapite tena kwenye dawa. Tope lipimwe likiwa kavu, na maji yanayotoka ukutani yapimwe nayo, yaandikwe kwenye ubao ule ule, kwa herufi zile zile. Kisha kama mnataka mstari ushuke kweli, rudini kwenye mapipa ya kuchovyea: vitasa vinatolewa harakaharaka, vinadondosha zinki sakafuni. Viacheni vining'inie juu ya pipa lake kidogo. Hiyo ndiyo chanja. Mahali pake ni pale, zinki irudi kazini kabla haijawa taka.

Meneja alifuta miwani. Aliandika yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta mtu anauliza kipenyo cha bomba.

Kisha akauliza, "Mama, msimamizi wetu alijua maji yale yana madhara?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu ripoti itauliza. Kama hakujua, kosa ni letu, hatukumfundisha. Kama alijua akatuambia, mimi sikusikia, niadhibiwe mimi. Kama alijua akanyamaza..." Akafuta miwani tena. "Jumamosi saa nane tunakaa, na Bwana Samaki atakuwapo. Naomba uje. Utaulizwa."

Wifi alinisubiri getini, hana manukato leo. "Wifi yangu, umekwenda kumchoma kaka?"

"Nimekwenda kuomba karai."

"Ulishindwa kuliomba nyumbani?"

Ubao ulikuwa nyuma yake. 448.

Jumanne, 14 Mei

Karai limewekwa. Amelichomelea yeye, usiku kucha anasema mlinzi. Halivuji hata tone.

Jumatano, 15 Mei

Manyunyu. Mvua zinaisha. Vifaranga vya kwanza vimetoka midomoni mwa mama zao. Nimevitazama peke yangu.

Alhamisi, 16 Mei

Leo siandiki habari za bwawa, nakuandikia wewe. Daftari hili nitaliweka juu ya sanduku lako la vifaa, ambako hutalikosa.

Karai nimeliona. Ni kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya, na nimelichukia. Umenijibu kwa bawaba, kwa gata, kwa mguu wa kitanda, kwa lango, na sasa kwa karai. Nyumba nzima haina kitu kinacholia isipokuwa mimi.

Msimu mzima nimejibebesha samaki wale. Kila mama yako aliposema nilionywa, niliinamisha kichwa, nawe ukiwa hapo hapo unakula. Uliniacha niamini kwamba nimewaua kwa ukaidi. Mia na themanini na sita ningekusamehe, mbegu imerudi kwa baiskeli. Zile siku sijui kama nitaweza.

Labda hukujua. Labda ulihisi tu, kama mtu anavyohisi goti likiuma kabla ya mvua, ukaogopa kuuliza kwa sababu ubao ulikuwa unashuka na watu wamekupa jina. Hilo naweza kuishi nalo; mimi nami niliuchora ule mstari bila kuuliza kilo zimekwenda wapi. Labda ulijua, ukawaambia, wakakunyamazisha. Hilo nitalisimamia mbele yao mpaka sauti ikauke. Labda ulijua ukanyamaza, ukapanda juu ya paa. Hilo sijui nitalifanyia nini, lakini nataka nilipate kutoka kwako, nisilipate kwa Meneja mbele ya watu.

Jumamosi saa nane nitaulizwa, na sitasema uongo, wala sitabahatisha. Jumamosi asubuhi mama yako na binti watakuwa kwa wifi. Nitakuwa nimekaa barazani, kwenye kiti cha mama. Usije na nyundo. Usije na kipande cha bati. Usiniambie "nilitaka usiumie", usiniambie "ni maji tu".

Njoo mikono mitupu, kabla ya saa sita mchana, uniambie kwa mdomo wako: ulijua, au hukujua?